Shangazi, binti yangu anaambiwa ana roho ya uzembe, nimtoe shule au nimwache mpaka Novemba?

Shikamoo Shangazi. Naomba usinitaje jina wala jina la shule mana hapa Mbeya tunajuana, na hiyo shule ni ya kanisa letu kabisa, nikitajwa tu nimekwisha.

Nina watoto watatu. Huyu wa kwanza ni binti, ana miaka 15, yuko fomu tu (kidato cha pili), anakaa bweni shule ya wasichana. Nilimpeleka pale kwa moyo mmoja, wala sikushawishiwa na mtu, nilitaka mtoto asome huku anamjua Mungu, na ile fomu ya kujiunga imeandikwa vizuri mno, maadili, upendo, uadilifu, kumlea mtoto kimwili, kiakili na kiroho. Na fomu wani alienda vizuri kwakweli. Akaingia kwaya, akapewa uongozi kwenye UKWATA, ule umoja wa wanafunzi Wakristo, likizo akija anasalisha nyumbani mpaka wadogo zake wanalalamika sala ni ndefu.

Mwaka huu akaja mkuu wa shule mpya, anataka shule ipande, wote divisheni wani. Hilo silipingi, nani hataki mwanae afaulu? Ila sasa kila wiki kuna jaribio, na Ijumaa jioni wanakusanywa ukumbini kwenye ibada wanayoiita ya toba, waliopata chini ya wastani wanasomwa majina, wanasimama mbele, kila mmoja anaungama kwanini amefeli, nilisinzia prepu, niliongea bwenini baada ya taa kuzimwa, nilikuwa mvivu, alafu wenzao wanawanyooshea mikono wanakemea roho ya uzembe. Wakimaliza hapo wale waliosimama ndo wanakula mwisho. Sasa binti yangu hesabu na fizikia zimemshinda, kwahiyo anasimama karibu kila Ijumaa.

Siku ya wazazi ya juzi nilipomuona nilishtuka. Amekonda, sketi imefungwa na pini. Nilimpelekea wali na kuku wa kienyeji, chakula chake hicho toka mdogo, akala vijiko viwili akafunga hotpoti akasema atamalizia baadae. Anasema kichwa kinauma, tumbo linauma, usiku usingizi hauji ila darasani anasinzia. Wanalala saa tano usiku, saa kumi alfajiri kengele. Nikamuuliza kuna nini akasema hakuna kitu mama niombee tu.

Nikarudi na nguo zake chafu kuzifua. Kwenye mfuko wa ile sketi nyingine nikakuta kikaratasi cha daftari la hesabu kimekunjwa kidogo sana, ameandika "mama nimeomba sana Mungu aniondolee hii roho ila haitoki, labda mimi ndo mbaya, nimechoka." Shangazi nilikaa chini hapohapo na mapovu mikononi.

Nimempigia matroni, kasema huyo ni utoto tu mama usimdekeze. Mwalimu wa malezi, ambae ndo huyohuyo wa nidhamu, kasema wameshamwambia afunge siku tatu na aombe. Baba yake anasema sisi tulichapwa, tulilala njaa, na tukasoma tukawa watu, akitolewa sasa atakuwa mtu wa kukimbia matatizo maisha yake yote. Na Novemba kuna upimaji wa taifa, akiukosa si anakariri mwaka?

Naomba unisaidie. Nimtoe sasa hivi au nivumilie mpaka Novemba? Nikimtoa si nitakuwa nimewapinga watumishi wa Mungu? Na je, ni kweli mtoto anaweza kuwa na roho ya uzembe?

Mama wa binti wa fomu tu, Mbeya

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana, pole na kufua nguo ukakutana na maneno kama hayo.

Naanza na kikaratasi kabla ya shule, kabla ya Novemba, kabla ya baba yake. Mtoto wa miaka 15 akiandika "labda mimi ndo mbaya, nimechoka", na huku hali, halali na anakonda, hiyo sio barua ya kuwekwa kwenye pochi ikisubiri siku ya wazazi ijayo. Kesho asubuhi panda gari uende. Omba ruhusa ya matibabu, mzazi hanyimwi hiyo, mtoto anaumwa kichwa na tumbo na amepungua kilo, sababu unayo na ni ya kweli. Ukifika usianze kugombana na mtu ofisini, saini kitabu, mchukue mtoto, mwende nyumbani.

Mkishafika muache ale anachoweza, alale. Usimuhoji siku hiyohiyo kama polisi. Ila kabla siku mbili hazijapita kaa nae wawili tu, mlango umefungwa, simu iko mbali, umwambie nimekiona kikaratasi chako na nashukuru umeniandikia. Alafu muulize wazi, ukiandika nimechoka ulimaanisha umechoka vipi, umewahi kutamani usiwepo? Umewahi kufikiria kujidhuru? Najua ulimi unakuwa mzito hapo, wazazi wengi wanaogopa kwamba ukimuuliza ndo unampa wazo. Sio hivyo, wataalamu wa afya ya akili wanasema kumuuliza hakumpandikizii wazo, mara nyingi kunampunguzia, mana amekuwa nalo peke yake muda mrefu. Akijibu ndio, hata kwa kutikisa kichwa tu, usimwache peke yake, lala nae chumba kimoja, dawa zote za nyumbani na sumu za panya na za shamba zifungiwe, na mwende hospitali siku hiyohiyo. Kuna pia simu ya huduma kwa mtoto, 116, ni bure, unaweza kupiga wewe au akapiga mwenyewe.

Na hata akisema hapana, hospitali mwende. Mbeya mna hospitali ya mkoa na hospitali ya rufaa ya kanda, hamjakosa pa kwenda. Mwambie daktari yote, kichwa, tumbo, usingizi, uzito, muulize na binti kuhusu hedhi yake. Wampime wingi wa damu, wamwangalie vidonda vya tumbo na mengine watakayoona wao, mana msichana wa umri huo damu ikipungua anachoka na kusinzia na anaitwa mvivu kumbe anaumwa. Na umwambie daktari kuhusu kikaratasi, umuonyeshe kabisa, uombe aonwe na mtu wa afya ya akili. Sitaki kumpima mtoto wako kwa barua, lakini unayonieleza yanafanana na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito na kukata tamaa, na sonona inatibika. Wala hayuko peke yake, Shirika la Afya Duniani linasema kwenye kila vijana saba wa miaka 10 hadi 19 mmoja ana tatizo la afya ya akili, na theluthi moja ya matatizo haya huwa yanaanza kabla ya miaka 14, nusu kabla ya miaka 18. Kwahiyo kwenye bweni la wasichana 70, piga hesabu mwenyewe.

Sasa hiyo roho ya uzembe. Mwanangu, mimi naamini maombi na ninaomba kila siku, kwahiyo nisikilize vizuri. Kulala saa tano usiku na kuamka saa kumi ni masaa matano. Mtoto wa umri wake anahitaji masaa nane mpaka kumi. Ukimlaza masaa matano kila siku, wiki baada ya wiki, lazima atasinzia, hata angekuwa mtoto wa askofu atasinzia, na akisinzia hasikii fizikia, asiposikia fizikia anafeli, akifeli anasimamishwa Ijumaa, akisimamishwa hapati usingizi kwa kuwaza. Mtoto mwenye homa humchapi kwa sababu anatetemeka. Na huyu wanayemwambia afunge siku tatu tayari hali! Hapo ndo nimekasirika kabisa, mtoto anayekula vijiko viwili anaambiwa afunge, na bila mzazi kuambiwa. Mzuie asifunge mpaka daktari aseme.

Na kama hao walimu wanataka Biblia, Biblia ipo. Eliya alikuwa nabii, tena ametoka tu kushusha moto pale Karmeli, na bado 1 Wafalme 19 inasema alikaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe. Mungu hakumkemea roho yoyote. Alimtuma malaika na mkate na maji, Eliya akala akalala tena, malaika akarudi mara ya pili akamwambia ale mana safari ni ndefu. Chakula na usingizi kwanza, mazungumzo yakaja baadae. Msomee binti yako hiyo sura ukiwa umekaa kitandani kwake, mana kinachomuumiza kuliko fizikia ni kwamba ameomba na anaona hajasikilizwa. Anadhani Mungu nae amekaa upande wa wale walionyoosha mikono.

Kuhusu kuungama hadharani najua watakusomea Yakobo 5:16, ungamianeni dhambi zenu. Sawa. Ila kupata 28 kwenye hesabu sio dhambi. Na hata ingekuwa dhambi kweli, Mathayo 18:15 imesema nenda ukamwonye wewe na yeye peke yenu. Peke yenu, sio mbele ya shule nzima na chakula kinapoa. Kwahiyo ukimtoa mtoto kwenye ile ibada hujampinga Mungu wala hujalipinga kanisa, umepinga utaratibu uliowekwa na mtu mwaka huu huu, fomu wani haukuwepo na watoto walikuwa wanamjua Mungu vizuri tu, si ulisema alikuwa anasalisha mpaka wadogo wanalalamika? Na sheria ya nchi nayo ina neno hapa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtendea mtoto ukatili au adhabu ya kumdhalilisha. Shule za dini hazijatolewa humo.

Nisieleweke vibaya, shule za kanisa zimelea watu nchi hii, tena wengi, na mimi napenda mtoto asome mahali ambapo maadili yanafundishwa. Lakini yale maneno ya kwenye fomu ya kujiunga yanaonekana kwa yule anayeshindwa, sio kwa yule wa kwanza darasani, wa kwanza kila shule inampenda. Ukienda shule, hiyo ama nyingine, uliza vitu vidogovidogo. Mtoto akilia saa tatu usiku anaenda kwa nani? Akitaka kuongea na mama yake kwenye simu, matroni anasimama pembeni kusikiliza? Anayekula mwisho ni nani na kwanini? Mchungaji wa shule ana siku na chumba cha kusikiliza wanafunzi mmojammoja, na yanayosemwa mle yanabaki mle? Wasichana wakubwa wanalea wadogo au wanawatuma maji? Na mwalimu wa malezi asiwe ndo wa nidhamu, hili shule nyingi zinalifanya kwa sababu ya uhaba wa walimu lakini linaua huduma yote, mana mtoto gani atapeleka siri yake kwa mtu ambae kesho mstarini ndo ameshika daftari la makosa? Ndo mana mwanao kaandika kwenye mfuko wa sketi wakati kuna mwalimu kabisa wa ushauri nasaha.

Mkishatoka hospitali, na una karatasi ya daktari mkononi, ndo uende shule kuongea. Nenda na baba yake, msiende na jazba. Usianzie kwenye lile grupu la watsapu la wazazi, pale litakuwa vumbi tu na mtoto ndo atakaesemwa. Omba kikao na mkuu wa shule, mwalimu wa malezi na mchungaji wa shule kwa pamoja, waeleze hali ya mtoto, waambie daktari kasema nini, alafu omba mambo kwa jina, mtoto wetu asisimamishwe Ijumaa tena, asifungishwe, ale kwa wakati, alale, na apate mwalimu wa kumsaidia hesabu kwa utaratibu. Omba wakujibu kwa maandishi. Mkuu wa shule anaweza akawa ni mtu mwema tu aliyebanwa na matokeo, wapo wengi, bodi inamuuliza divisheni wani ngapi na mwenye shule anamuuliza wanafunzi wangapi wataomba nafasi mwakani. Mkumbushe taratibu kwamba hata NECTA wenyewe toka Januari 2023 waliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora. Kama baraza la mitihani limeona haina tija kupanga watoto kwa namba, ukumbi wa Ijumaa unapanga kwa ajili ya nani?

Baba yake usibishane nae kwa maneno. Mpe kile kikaratasi akisome mwenyewe, kwa mkono wake, alafu nyamaza. Wanaume wengi wa rika lake walivumilia kweli, na mimi siwezi kumwambia hakuumia, ila walioshindwa kuvumilia hawapo kwenye hizo stori zake za shule, wale walioacha shule fomu tu na hakuna aliyeuliza wameenda wapi. Na kukaa kimya mwenyewe usiku huku unajiona mbaya hakumfundishi mtoto ujasiri wowote. Muombe awepo hospitalini, akisikia kwa daktari itakuwa tofauti na kusikia kwako.

Sasa Novemba. Jibu langu ni kwamba usiache mtihani ndo uamue. Apumzike nyumbani kwa muda ambao daktari atasema, kama ni wiki mbili ziwe wiki mbili. Baada ya hapo muulize yeye, na umuulize akiwa ameshiba na amelala, sio akiwa amechoka. Anaweza akasema anataka kurudi, ana marafiki, ana kwaya yake, na kama shule imekubali yale mliyoomba basi arudi, wewe uwe unaongea nae kila wiki bila mtu wa pembeni. Kama hawajakubali, au wamekubali mdomoni na Ijumaa ya kwanza kasimamishwa tena, mtoe. Hapo nenda ofisi ya afisa elimu sekondari wa halmashauri yako uulize taratibu za uhamisho kwa mwanafunzi ambae yuko mwaka wa upimaji, mana usajili wa mtihani unafuata kituo, wakueleze kama anaweza kufanyia palepale akitokea nyumbani au vipi. Na ikitokea mwaka huu umempita, atakariri, atakuwa fomu tu akiwa na miaka 16. Wako wengi wa umri huo fomu tu na wanamaliza. Kwenye shule ya kutwa karibu na nyumbani, anakula kwako, analala kwako, tuisheni ya hesabu jioni, huo mwaka unaweza ukawa ndo wa kumrudisha.

Kingine, na hiki usikiache hata kama wako amepona. Wale wanaosimama nae kila Ijumaa bado wapo pale, na wazazi wao wengine wako mbali hata siku ya wazazi hawafiki. Tafuta mama wawili watatu unaowaamini, muandike barua kwa bodi ya shule, nakala kwa katibu wa elimu wa dayosisi yenu, ya adabu tu, mueleze kinachofanyika Ijumaa jioni kama kilivyo bila kuongeza chumvi, muda wa kulala, nani anakula mwisho, na muombe ibada ya toba isihusishwe na alama na malezi yatenganishwe na nidhamu. Msitaje jina la mtoto yeyote. Kanisa letu lina wachungaji na walimu ambao hawajui hili linafanyika, wakilijua watalishughulikia. Bodi ikikaa kimya, ofisi za wathibiti ubora wa shule ziko kila wilaya, na afisa ustawi wa jamii yupo halmashauri, mlango wake hauhitaji hela wala kujuana.

Nenda kesho. Ukishapata majibu ya vipimo niandikie.

Shangazi